Jinsi ya Kupima Nafasi Yako ya Kudahiliwa Chuo Kikuu cha Umma cha Jimbo Lingine Marekani

Asilimia ya udahili ambayo chuo kikuu cha umma cha Marekani hutangaza si yako ikiwa unaishi jimbo lingine. Imechanganya makundi matatu yanayopimwa kwa viwango tofauti: wakazi wa jimbo lenyewe, wakazi wa majimbo mengine, na waombaji wa kimataifa. Mwanafunzi wa Ohio anayeomba chuo cha umma kama Chapel Hill cha North Carolina au Berkeley cha California kwa kutazama asilimia ya jumla hujiona yuko karibu na mlango kuliko alivyo. Kosa hilo humgharimu ada za maombi, wiki nzima za kuandika insha, na wakati mwingine nafasi ya kuomba mapema mahali palipomfaa zaidi.

Utahitaji transkripti yako, yaani hati ya alama zako za sekondari, matokeo ya SAT au ACT (mitihani ya kujiunga na vyuo) kama unayo, jedwali kwenye kompyuta, na saa mbili hivi kwa kila chuo. Wakati mzuri ni likizo ya kiangazi kabla ya kuingia darasa la 12. Alama za darasa la 11 zitakuwa zimeshatoka, na kwa anayeomba mapema hizo ndizo za mwisho atakazopimwa nazo. Kama uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, au unaomba ukiwa nje ya nchi, kundi lako ni la tatu: hatua ni zilezile, lakini usitumie namba za kundi la pili.

Chuo ni cha nani?

Chuo binafsi kama Duke au Northwestern hakifungwi na mgawo wa wakazi uliowekwa na serikali ya jimbo, na ada yake ni ileile kwa wote. Pale jimbo unalotoka linaweza kukusaidia kidogo, kwa sababu vyuo hivyo hupenda kuwa na wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, ila msaada huo ni mdogo na haufai kujengewa hesabu.

Chuo cha umma ni habari nyingine. Sehemu ya bajeti yake hutoka kwenye kodi za wakazi, na mbunge wa jimbo husikia upesi malalamiko ya mzazi ambaye mtoto wake ameachwa huku wa jimbo jingine akichukuliwa. Ndiyo maana kuna migawo, mingine ya sheria, mingine ya kanuni za bodi, mingine ya mazoea tu. Chapel Hill, chuo kikuu cha North Carolina, kimewekewa ukomo wa asilimia 18 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka nje ya jimbo. Texas inakitaka Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kiwape wakazi angalau asilimia 90 ya nafasi za mwaka wa kwanza. Vyuo vya umma vya Florida kwa ujumla wao vina ukomo wa asilimia 10. Bodi ya Chuo Kikuu cha California (hapa chini tutakiita California tu) iliweka ukomo mwaka 2017: asilimia 18 kwa kampasi tano, na kwa Berkeley, Los Angeles, San Diego na Irvine kiwango kilichokuwepo wakati huo kisizidi. Chuo Kikuu cha Virginia huwapa wakazi wa jimbo takriban theluthi mbili ya nafasi. Chuo Kikuu cha Michigan, kwa upande wake, karibu nusu ya wanafunzi wake hutoka nje ya jimbo.

Mgawo mkubwa hauna maana kwamba kuingia ni rahisi. Michigan ina nafasi nyingi za wageni, yaani wanaotoka nje ya jimbo, na maombi ya wageni ni mengi pia. Mgawo unakupa upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni idadi ya wanaogombea nafasi hizo.

Kuitafuta namba ya kundi lako

Chombo kikuu ni hati inayoitwa Common Data Set. Vyuo vingi hujaza fomu hiyohiyo kila mwaka na kuiweka kwenye tovuti ya ofisi yao ya utafiti na takwimu. Andika jina la chuo, maneno hayo matatu na mwaka kwenye injini ya kutafutia, utaipata. Sehemu zake zina herufi. Udahili uko kwenye C.

Fungua C1. Matoleo ya miaka ya karibuni yanagawanya walioomba, waliodahiliwa na waliojiandikisha kwa ukaazi: ndani ya jimbo, nje ya jimbo, kimataifa. Chukua namba za kundi lako, gawanya waliodahiliwa kwa walioomba. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia.

Tuchukue chuo cha kubuni. Kimepokea maombi 40,000 na kudahili 8,000, yaani asilimia 20, ambayo ndiyo utakayoisoma kila mahali. Kwenye C1 unakuta wakazi walioomba ni 12,000 na waliodahiliwa ni 5,000, karibu asilimia 42. Waombaji wa kimataifa ni 6,000 na waliopata ni 400. Kundi lako, wakazi wa majimbo mengine, ni 22,000 kwa 2,600: chini kidogo ya asilimia 12. Umetoka kwenye mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanane au tisa, na bado hujataja alama zako.

Sasa iteremshe tena kidogo. Ndani ya wale 2,600 wamo wanamichezo waliotafutwa na makocha na wengine walioingia kwa njia ambayo wewe huna. Namba yao kwa kundi lako haitangazwi, kwa hiyo ukadiriaji wowote ni wa busara tu; kama hupo miongoni mwao, sisi tungeifanya 12 iwe 10 na kuendelea.

Wakati mwingine chuo huacha safu za ukaazi tupu. Tafuta basi ukurasa wa ofisi ya udahili unaoeleza darasa jipya. Virginia, kwa mfano, huwa inatenganisha wakazi na wasio wakazi, na California ina kituo chake cha takwimu ambako unaweza kuchuja kwa kampasi na kwa ukaazi. Sehemu F1 ya Common Data Set huonyesha asilimia ya wanafunzi waliotoka nje ya jimbo, lakini angalia: hao ni waliojiandikisha. Wageni wengi hudahiliwa kisha hukataa kwa sababu ya gharama, na chuo kinajua, kwa hiyo hudahili wageni wengi kuliko viti vyao. Anayechukua asilimia ya viti na kuidhani ni asilimia ya udahili hujikatia tamaa bure.

Fanya hesabu hii kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja unaweza kupotoka kwa sababu chuo kilizidiwa na wanafunzi mwaka uliotangulia kikabana, au kwa sababu kimebadilisha masharti ya mtihani na maombi yakafurika. Namba ikishuka kila mwaka, tumia ya karibuni zaidi na uitarajie ishuke tena.

GPA yako machoni mwao

GPA, yaani wastani wa alama, iliyochapishwa kwenye transkripti ni ya shule yako. Vyuo vingi vinavyochuja sana huikokotoa upya, na hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. California ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa na yeyote anaweza kuzifuata.

Chukua masomo ya orodha wanayoiita a-g pekee: historia, Kiingereza, hisabati, sayansi, lugha nyingine, sanaa, na somo la ziada la kitaaluma. Hesabu alama za kuanzia kiangazi kinachofuata darasa la 9 hadi kiangazi kinachofuata darasa la 11. A ni 4, B ni 3, C ni 2. Alama za kuongeza na kutoa (+ na -) hazina kazi, A- ni 4 vilevile. Kisha ongeza pointi 1 kwa kila muhula wa somo la kiwango cha juu ulilopata C au zaidi, mwisho mihula 8, na isizidi 4 kutoka darasa la 10. Kwa asiye mkazi wa California, masomo yanayopata pointi hiyo ni ya AP na IB (programu za sekondari zenye masomo ya kiwango cha chuo) na ya chuo yanayoweza kuhamishwa. Somo ambalo shule yako imelipa jina la heshima (honors) na kuliongezea uzito wake halihesabiki.

Mfano. Mwanafunzi ana alama 20 za mihula katika darasa la 10 na la 11: A 14 na B 6. Hizo ni pointi 56 na 18, jumla 74, gawanya kwa 20 upate 3.70. Alisoma masomo mawili ya AP mwaka mzima, yaani mihula 4, kwa hiyo jumla inakuwa 78 na GPA 3.90. Shule yake lakini imeongeza pia mihula 6 ya masomo yale ya heshima, na transkripti inasoma 4.20. Akienda kwenye jedwali la Berkeley na 4.20 mkononi, anajilinganisha na watu wasio wenzake. GPA yake kule ni 3.90. Kiwango cha chini cha kukubaliwa kuomba ni 3.4 kwa wasio wakazi, wakati wakazi wanatakiwa 3.0, na kwa kampasi zinazogombewa 3.4 hiyo haikufikishi popote.

Kwa vyuo ambavyo havitangazi kanuni zao, kokotoa GPA isiyo na uzito, yaani bila pointi za ziada, ya masomo matano makuu (Kiingereza, hisabati, sayansi, historia na lugha nyingine) na uitumie hiyo. Halafu hesabu umechukua masomo mangapi magumu kati ya yale ambayo shule yako inatoa. Mshauri wa shule hutuma pamoja na transkripti maelezo ya shule yanayotaja idadi ya masomo ya AP yaliyopo na mgawanyo wa alama. Omba nakala uisome. Mwanafunzi aliyechukua AP 5 katika shule yenye 6 anaonekana tofauti kabisa na aliyechukua 5 katika shule yenye 24.

Mitihani

Kwanza jua chuo kinataka nini. Kampasi za California hazitazami SAT wala ACT katika udahili, hata ukizituma. Georgia Tech (chuo cha umma cha Georgia), vyuo vya umma vya Florida na Texas Austin vinazidai. Vingine vinakuachia uamue, na sera hizi zimekuwa zikibadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tovuti ya chuo ya mwaka unaoomba.

Sehemu C9 inaonyesha alama za walioingia katika ngazi tatu: robo ya chini, katikati, robo ya juu. Isome ukikumbuka mambo mawili. La kwanza, ngazi hizo zimechanganya wakazi na wageni. Texas hujaza sehemu kubwa ya nafasi za wakazi kwa kuwachukua moja kwa moja waliofanya vizuri zaidi katika shule zao, na SAT haibadilishi haki hiyo. Wakazi hao wamo kwenye jedwali, wakati wewe umechujwa kwa kila kigezo. Ndiyo sababu mgeni anapaswa kuilenga robo ya juu, na aliye katikati ya jedwali ahesabu kwamba yuko chini ya katikati ya kundi lake. La pili, juu ya jedwali kumeandikwa asilimia ya waliotuma alama. Ikiwa ni 35 tu, jedwali ni la wale waliojiamini. Kama alama yako iko chini ya katikati hapo, na chuo hakikulazimishi, usiitume.

Kwenye C7 utakuta jedwali la vigezo na uzito wake, kutoka muhimu sana hadi kisichozingatiwa. Tafuta mstari wa ukaazi wa jimbo, kisha wa kuonyesha nia ya kusoma hapo. Kama nia inazingatiwa, jisajili kwa vipindi vyao vya mtandaoni kwa barua pepe uliyoombea. Kama haizingatiwi, muda huo peleka kwenye insha.

Nukta za shule yako

Shule nyingi hutumia Naviance au Scoir, programu za mtandaoni za kupanga maombi ya chuo, ambazo zina mchoro wa nukta unaoonyesha waliotoka shule yako, GPA na mtihani wao, nani alikubaliwa na nani alikataliwa. Kwa chuo cha nje ya jimbo mchoro huu una thamani ya pekee: karibu kila nukta ni ya mgeni kama wewe, na imepimwa kwa GPA ya shule yenu. Hakuna takwimu nyingine ya wazi inayokukaribia hivyo.

Tatizo ni uchache. Nukta zikiwa chini ya 10 zinakupa dokezo tu. Muulize mshauri maswali matatu: ni nukta za miaka gani, kuna mwanamichezo kati ya waliokubaliwa, na waliokubaliwa waliomba kozi gani. Nukta moja ya kijani iliyokaa peke yake kati ya nyekundu mara nyingi ina maelezo yake.

Kozi

Hili linaweza kuangusha hesabu yote iliyotangulia. Baadhi ya vyuo hudahili moja kwa moja kwenye kozi, na sayansi ya kompyuta, uhandisi, uuguzi na biashara zina viti vichache. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, hujaza nafasi nyingi za sayansi ya kompyuta kwa wanaotoka sekondari, na kwa mwombaji wa jimbo lingine nafasi ya kupata ni finyu mno kuliko asilimia ya chuo kizima. Illinois huko Urbana-Champaign nayo hupima waombaji kwa kozi waliyoichagua. Kama unataka kozi ya aina hiyo, tafuta asilimia yake kwenye tovuti ya idara. Usipoipata, kishushe chuo hicho ngazi moja nzima.

Kuna wanaofikiri wataomba kozi nyepesi kisha wahamie. Kabla ya kufikiria hivyo, soma kanuni za kuhama ndani ya chuo. Mara nyingi mlango huo ni mwembamba kuliko ule wa mbele, na utakuwa umelipa ada ya mgeni ili usome usichokitaka.

Mapema au kawaida

Early Decision inakufunga: ukikubaliwa unakwenda na kuyaondoa maombi mengine. Early Action haikufungi. Sehemu C21 hutoa namba za walioomba na waliodahiliwa kwa Early Decision. Zitoe kwenye jumla ya C1 upate asilimia ya wanaobaki. Tofauti itaonekana kubwa, lakini usiimeze nzima, kwa sababu wanamichezo wengi waliokwisha kuahidiwa huingia kwa mkondo huo, na C21 haitenganishi wakazi na wageni. Georgia Tech ina awamu mbili za Early Action, ya kwanza kwa wakazi wa Georgia na ya pili kwa wengine wote, basi hakikisha unasoma tarehe ya awamu yako. California haina mkondo wa mapema kabisa. Ina fomu yake yenyewe, yenye majibu mafupi manne ya maneno 350 yanayochaguliwa kati ya maswali manane, na barua za mapendekezo kwa kawaida hazipokelewi. Kama nguvu yako kubwa ni mwalimu anayekujua vizuri, nguvu hiyo haitakusaidia huko.

Kuamua

Sasa kila chuo kipe jina: ndoto, mizani, au salama. Asilimia ya kundi lako ikiwa chini ya 15, ni ndoto hata kama alama zako ziko juu ya kila jedwali. Chuo hicho kinakataa watu wengi wenye alama hizohizo. Kati ya 15 na 30, ni mizani kama uko robo ya juu kwa GPA na mtihani na kozi yako haina kizuizi. La sivyo ni ndoto. Kati ya 30 na 60, aliye juu ya katikati anaweza kukiita mizani. Juu ya 60, ukiwa juu ya katikati, ni salama, kwa sharti moja: familia inaweza kukilipia. Insha na shughuli hazikihamishi chuo kutoka jina moja hadi jingine. Hukupa nguvu ndani ya jina hilo, basi.

Usizijumlishe ndoto. Vyuo 10 vyenye nafasi ya asilimia 10 kila kimoja vinaonekana kukupa asilimia 65 ya kupata angalau kimoja, lakini hesabu hiyo hudhani kila chuo kinaamua bila kuhusiana na vingine. Transkripti ni ileile, udhaifu ni uleule. Kinachokifanya chuo kimoja kikukatae kinaweza kuvifanya vyote vikukatae.

Pesa inaingia kabla ya kubofya kutuma. Kila chuo kinachoshiriki misaada ya serikali kuu kinalazimika kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kitumie na mzazi akiwa kando na fomu za kodi, na uthibitishe kwamba umejibu kuwa si mkazi. California huwatoza wasio wakazi nyongeza ya zaidi ya dola 34,000 kwa mwaka, na mpango wake wa Blue and Gold unaofuta ada kwa familia za kipato cha chini ni wa wakazi pekee. Virginia na Chapel Hill ni afadhali, kwa kuwa husema hukidhi uhitaji wote uliothibitishwa, hata kwa Wamarekani wa nje ya jimbo. Mikataba ya kikanda kama Western Undergraduate Exchange, wa majimbo ya magharibi, hushusha ada ya masomo hadi mara moja na nusu ya anayolipa mkazi, ila Berkeley na Los Angeles hazimo. Na usitegemee kuhamia jimbo ili ugeuke mkazi ukiwa mwanafunzi. Majimbo mengi yanadai mwaka mzima wa kuishi kwa sababu isiyo masomo, na ukiwa bado unategemea wazazi, ukaazi unaotazamwa ni wao.

Hatimaye, ukijikuta kwenye orodha ya kusubiri, fungua C2. Inaeleza waliopewa nafasi kwenye orodha, waliokubali kusubiri, na waliochukuliwa. Angalia miaka kadhaa, maana chuo kimoja kinaweza kuchukua mamia mwaka huu na sifuri mwaka ujao. Kubali kusubiri kama unakitaka kwa dhati, tuma barua fupi yenye alama mpya, na kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni Mei 1, lipa amana kwenye chuo kilichokukubali.